Nyumba za wageni za makoloni ya Marekani, na gari la farasi lililochelewa kufika

Kwenye kadi za Krismasi na filamu za zamani kuna picha ya Marekani ya ukoloni ambayo wengi tumeizoea: nyumba ya wageni ya mbao, moshi ukifuka juu ya paa, na mbele ya mlango limesimama gari kubwa jekundu lenye magurudumu ya njano, limefungwa farasi wanne, abiria wanashuka wakinyoosha miguu. Picha hiyo imerundika vipindi vitatu mahali pamoja. Nyumba ya wageni ni ya tangu miaka ya 1630. Gari la kubeba abiria kwa ratiba halikuzoeleka mpaka miaka ya 1750 na 1760, zaidi ya karne moja baadaye. Na lile gari jekundu lilianza kuundwa mwaka 1827, wakati utawala wa Mwingereza ulikwisha kuondoka zaidi ya miaka arobaini.

Ukichanganya vipindi hivyo utadhani magari ndiyo yaliyozaa nyumba za wageni, kama stendi ya mabasi inavyovuta migahawa. Ilikuwa kinyume chake. Nyumba zilitangulia kwa sababu sheria iliamuru ziwepo. Gari lilipokuja lilikuta nyumba, mabanda ya farasi na matarishi vimeshapangana njiani, likapita humo humo.

Amri ya kufungua nyumba ya pombe

Boston ilianzishwa mwaka 1630 na Wapuritani, watu wa dini kali ambao baadaye walitoza faini hata aliyesherehekea Krismasi. Mwaka 1634 Samuel Cole alifungua nyumba ya wageni ya kwanza ya mji huo. Mwaka huohuo baraza la koloni la Massachusetts lilipanga bei: mlo usizidi peni sita, na kwota ya bia, yaani lita moja na kidogo, isizidi peni moja nje ya muda wa kula. Mwaka 1656 baraza likakaza zaidi: mji ambao haukuwa na nyumba ya wageni ungetozwa faini.

Watu wa dini kali kulazimisha miji ifungue mahali pa kuuzia pombe ni jambo linaloshangaza, lakini sababu zao zilikuwa wazi. Katika baridi ya New England, yaani makoloni ya kaskazini kama Massachusetts, msafiri aliyekosa pa kulala aliweza kufia njiani. Mahakama zilizunguka mji hadi mji na zilihitaji chumba chenye moto. Nyumba za ibada hazikuwa na moto, hata Januari, na ibada ya Jumapili ilikuwa na vipindi viwili virefu. Mchana waumini walivuka barabara kwenda kuota moto kwenye nyumba ya wageni, ndiyo maana nyingi zilijengwa jirani na nyumba ya ibada. Kubwa kuliko yote, watawala walijua pombe itanyweka tu. Nyumba moja yenye leseni, iliyokuwa inajulikana na kukaguliwa, ilikuwa afadhali kuliko vilabu kumi vya vichochoroni.

Kwa hiyo leseni ilikuja na masharti mazito. Sheria ya Massachusetts ya miaka ya 1640 ilipima unywaji wa kupita kiasi kwa vipimo: zaidi ya nusu painti (karibu robo lita) ya mvinyo kwa mkupuo mmoja, kukaa unakunywa zaidi ya nusu saa, au kunywa baada ya saa tatu usiku. Mgeni aliyetoka safarini au baharia aliyeshuka usiku alilegezewa, kwa kuwa nyumba ilikuwepo kwa ajili yake hasa. Karata na dadu vilikatazwa. Huko Virginia, mahakama ya kila wilaya ilipanga bei kila mwaka, na mwenye nyumba alilazimika kubandika orodha ukutani: bei ya chakula, bei ya kila kinywaji, bei ya kulala kwenye shuka safi, bei ya malisho ya farasi kwa usiku mmoja. Ukiisoma orodha kama hiyo unaona kwamba farasi alikuwa mteja sawa na binadamu. Alihesabiwa majani, nafaka na banda.

Leseni nyingi zilikwenda kwa wajane, na hilo halikutokana na huruma peke yake. Mjane asiye na kipato angekuwa mzigo wa mji, na mji ulilipa matunzo ya maskini kutoka kwenye kodi. Kumpa leseni kulimwezesha ajilishe na watoto wake. Hivyo wanawake walipata njia ya halali ya kufanya biashara katika jamii iliyowanyima njia nyingi nyingine. Christiana Campbell wa Williamsburg, Virginia, ni mmoja wao. George Washington, kabla hajawa jenerali wala rais, alikuwa akila kwake.

Chumba chenyewe

Nyumba ya kawaida ya barabarani haikuwa hoteli. Mara nyingi ilikuwa nyumba ya familia yenye chumba kimoja kikubwa cha chini ambamo kila kitu kilifanyika: kula, kunywa, kusoma magazeti kwa sauti, kuuza ng'ombe, kusikiliza kesi. Kwenye kona palikuwa na kizimba cha kuhifadhia vinywaji chenye wavu wa vijiti vya mbao. Usiku, au mambo yalipochafuka, mwenye nyumba aliushusha ule wavu na kuufunga, chupa zikawa salama.

Kinywaji kilichopendwa wakati wa baridi kilitayarishwa mbele ya mteja. Mwenye nyumba alijaza bia kwenye jagi kubwa, akatia molasi au sukari, akaongeza ramu. Kisha alichukua fimbo ya chuma iliyokuwa imelala kwenye makaa mpaka ikawa nyekundu, akaichovya. Bia ilichemka kwa kelele, ikatoa povu, ikashika ladha ya kuungua ambayo ndiyo iliyotafutwa. Chuma hicho kilikaa jikoni majira yote ya baridi.

Ile ramu na ile molasi zina historia yake na sipendi ipitwe. Molasi ilitoka kwenye mashamba ya miwa ya visiwa vya Karibi, yaliyolimwa na Waafrika waliofanywa watumwa. Ililetwa Boston na Newport ikachachushwa na kukenekwa kuwa ramu. Sehemu ya ramu hiyo ilipakiwa melini kwenda pwani ya Afrika Magharibi kununulia watu wengine. Jagi lililochemka katika kijiji cha mbali cha Massachusetts lilikuwa ndani ya biashara hiyo, hata kama aliyelinywa hakuwahi kumwona mtumwa.

Kulala kulikuwa kwa pamoja. Mgeni alilipia nafasi kitandani, na mgeni mwingine angeweza kuingizwa kando yake usiku wa manane bila kuulizwa. Tukio linaloeleza jambo hili kuliko yote lilitokea Septemba 1776 mjini New Brunswick, New Jersey. Benjamin Franklin na John Adams walikuwa njiani kwenda Staten Island kuzungumza na Admirali Howe wa Uingereza. Nyumba zilijaa, wakapewa kitanda kimoja katika chumba kilichokipita kitanda hicho kidogo tu, chenye dirisha moja dogo. Adams aliogopa hewa ya usiku, akafunga dirisha. Franklin akamsihi alifungue, wasije wakakosa pumzi, na akamwahidi kumweleza nadharia yake kwamba mafua hayaletwi na hewa baridi. Adams alifungua, akarukia kitandani, na mzee alipokuwa anaendelea na somo lake la pumzi na jasho, akapitiwa na usingizi. Hao walikuwa viongozi wa nchi iliyotangaza uhuru miezi miwili iliyopita, na walilala kitanda kimoja kama abiria yeyote.

Kabla ya gari

Basi watu walisafirije kwa ile karne na zaidi kabla ya magari? Kwa mashua pale maji yaliporuhusu, na kwa farasi au kwa miguu pale yalipokatika. Makoloni yalikuwa yameshikilia pwani na mito, na kati ya mji na mji palikuwa na msitu, vinamasi na mito isiyo na madaraja.

Oktoba 1704 mwanamke wa Boston, Sarah Kemble Knight, mwenye umri wa miaka 38, alipanda farasi kwenda New Haven na New York kwa shughuli za mirathi. Hakwenda peke yake kwa sababu hakuijua njia: alifuatana na tarishi wa posta, au alikodi mwongozaji kutoka nyumba moja ya wageni hadi nyingine. Shajara yake, iliyochapwa mwaka 1825, ni ushahidi ambao hakuna sheria wala orodha ya bei inayoweza kuupa. Katika mto mmoja alivushwa kwa mtumbwi mwembamba kiasi kwamba alishika kingo zote mbili, macho akayakaza mbele, na anasema hakuthubutu hata kuusogeza ulimi upande mmoja wa kinywa asije akaupindua. Kwenye nyumba moja aliletewa nyama ya nguruwe na kabichi yenye mchuzi wa rangi ya zambarau iliyoiva, akahisi umepikwa kwenye chungu cha kutilia rangi nguo. Nyumba nyingine walevi wa chumba cha pili walibishana usiku kucha kuhusu asili ya jina la nchi ya Narragansett. Alikaa kitandani akawasha mshumaa, akatunga beti za kuiomba ramu iwalaze haraka.

Tarishi aliyemwongoza Knight alikuwa sehemu ya mpango wa tangu Januari 1673, pale Gavana Francis Lovelace wa New York alipotuma mpanda farasi wa kwanza wa posta kwenda Boston, safari ya kilomita zipatazo 400 kwa njia zilizopindapinda. Njia hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Boston Post Road. Tarishi alihitaji kubadilisha farasi, kula na kulala, na mahali pekee pa kufanya hayo ni kwenye nyumba za wageni. Barua alizoleta ziliachwa juu ya meza au mikononi mwa mwenye nyumba, wenyewe wakapita kuzichukua. Benjamin Franklin alipopewa mwaka 1753, pamoja na mwenzake, usimamizi wa posta ya makoloni yote ya Uingereza huko Amerika Kaskazini, alizikagua njia mwenyewe, na matarishi wake wakawa wanasafiri usiku na mchana kati ya Philadelphia na New York. Magazeti yalisafiri kwenye mikoba hiyohiyo na kutua kwenye meza zilezile. Mtu asiyejua kusoma aliyasikia yakisomwa na jirani yake.

Miaka arobaini baada ya Knight, daktari Alexander Hamilton wa Annapolis, ambaye si yule aliyekuja kuwa waziri wa fedha, alisafiri kwa farasi hadi Maine na kurudi, zaidi ya kilomita 2,600, kuanzia mwisho wa Mei hadi mwisho wa Septemba 1744. Jijini Philadelphia alikula katika ukumbi wenye watu 25, akawahesabu kwa makini: Waskoti, Waingereza, Waholanzi, Wajerumani, Waayalandi, Wakatoliki, Wapresbiteri, Wakweka, Wamoravia, Wamethodisti, na Myahudi mmoja. Sidhani kama palikuwa na chumba kingine katika makoloni hayo ambamo watu wa namna hiyo wangekaa meza moja. Lakini Hamilton alikuwa na mwenzake safari nzima, naye hakuhesabiwa mezani. Aliitwa Dromo, mtumwa wake Mwafrika, aliyempandia farasi nyuma kwa miezi yote minne.

Nani hakuruhusiwa kukaa

Watu hupenda kuzisifu nyumba hizi kuwa mahali ambapo tajiri na maskini walikaa benchi moja. Kwa Wazungu walio huru kuna ukweli ndani yake. Ila sheria za makoloni karibu yote zilikataza kuwauzia pombe watumwa, watumishi na wanagenzi bila ruhusa ya mabwana zao, na zilikataza pia kuwauzia wenyeji wa asili. Wenye nyumba wengine walivunja sheria hizo kwa sababu fedha ni fedha, na hapo ndipo historia inapotisha.

Mwaka 1741 jijini New York, John Hughson alikuwa na nyumba ya pombe karibu na Mto Hudson. Watumwa walikuja kwake usiku na Jumapili, wakala, wakanywa na kucheza pamoja na Wazungu maskini, na baadhi wakamuuzia mali za wizi. Moto ulipozuka mfululizo mjini, pamoja na ndani ya ngome alimokaa gavana, watawala wakasema njama ya kuchoma mji ilisukwa kwa Hughson. Watu weusi 13 walichomwa moto wakiwa hai, 17 wakanyongwa. Hughson, mkewe Sarah na Wazungu wengine wawili wakanyongwa pia. Wengine wengi waliuzwa nje ya koloni. Wanahistoria hadi leo wanabishana kama njama ilikuwepo au ni hofu iliyozua ushahidi. Ninachokiona bila mabishano ni kosa la msingi ambalo mahakama ile haikulisamehe: watumwa kuketi huru katika chumba cha watu.

Katika London Coffee House ya Philadelphia, iliyofunguliwa mwaka 1754 na mchapaji William Bradford, wafanyabiashara walikunywa na kupanga mikataba ya meli, na nje ya mlango Waafrika walipigwa mnada. Mfanyabiashara aliyekuja kuuliza habari za meli yake aliwapita hapo mlangoni.

Baraza la pili

Sehemu ya siasa inajulikana zaidi, nami nitaipitia upesi. Mei 1769 Gavana Botetourt alipolivunja Bunge la Virginia, wabunge walitembea hatua chache hadi Raleigh Tavern ya Williamsburg, wakakaa chumba kilichoitwa Apollo na kukubaliana kugomea bidhaa za Uingereza. Mei 1774 Gavana Dunmore akawavunjia tena, wakarudi palepale, na wakatoa wito wa kuitisha mkutano wa makoloni yote. Wajumbe wa mkutano huo walipofika Philadelphia walipokewa City Tavern, mpya kabisa wakati huo. Alfajiri ya 19 Aprili 1775 wanamgambo wa Lexington walikuwa wakingoja ndani ya Buckman Tavern kabla ya kutoka uwanjani kukabili jeshi la Uingereza. Wanane waliuawa hapo. Na tarehe 4 Desemba 1783 Washington aliwaaga maofisa wake katika nyumba ya Samuel Fraunces jijini New York.

John Adams ndiye anayenivutia katika sehemu hii. Mwaka 1760 na 1761, akiwa wakili kijana, aliendesha kampeni kijijini kwake Braintree ya kupunguza leseni za pombe, akiandika kwamba humo muda, fedha na afya za vijana zinateketea. Agosti 1774 alipoingia Philadelphia aliandika kuhusu City Tavern kuwa ndiyo ya kistaarabu kuliko zote Marekani. Hakujipinga, kwa maoni yangu. Aliona tangu mwanzo kwamba nyumba hizi zina nguvu juu ya watu wa kawaida, na wenye nyumba wenye wateja wengi huchaguliwa uongozi. Kilichobadilika ni kwamba mwaka 1774 yeye mwenyewe aliihitaji nguvu hiyo.

Gari linaingia

Gari la abiria la masafa marefu si chombo tu. Ni mpango wa farasi. Farasi wawili au wanne wakikokota mzigo kwa kasi huchoka baada ya kilomita ishirini na kitu, na ukitaka kuendelea lazima uwe na wengine waliopumzika wanakungoja hapo. Kwa hiyo njia hukatwa vipande, na mwisho wa kila kipande panatakiwa banda, nafaka, mhudumu, jiko na vitanda. Hivyo vyote alikuwa navyo mwenye nyumba ya wageni. Ndiyo maana mara nyingi mwenye nyumba na mwenye gari alikuwa mtu mmoja, au washirika wa biashara moja. Watu wa Afrika Mashariki wataelewa uzito wa jambo hili wakikumbuka kwamba misafara ya Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilibebwa mabegani na wapagazi. Palipo na mbung'o, farasi haishi, na bila farasi mpango mzima hauanzi.

Njia ya kwanza kushika ni ya New York na Philadelphia, kwa sababu nchi ya New Jersey ni tambarare na pande zake mbili zina maji. Abiria walipanda mashua, wakavushwa nchi kavu kwa gari, wakapanda mashua nyingine. Mwaka 1756 safari hiyo ilitangazwa kuchukua siku tatu. Mwaka 1771 John Mercereau alitangaza gari alilolipa jina la mashine irukayo, akiahidi siku moja na nusu. Kaskazini, mwaka 1761, John Stavers wa Portsmouth, New Hampshire, alianza na kigari cha farasi wawili na abiria watatu kwenda Boston. Alikuwa pia na nyumba ya wageni aliyoipa jina la mwungwana wa Kiingereza, Earl of Halifax. Vita vya uhuru vilipokuja hilo lilimponza: mwaka 1777 umati ulimvamia ukimshuku kuwa wa upande wa mfalme, na nyumba ikabadilishwa jina ikawa la William Pitt, mwanasiasa aliyeonekana rafiki wa makoloni.

Baada ya vita akaja Levi Pease, fundi wa kufua vyuma. Mwaka 1783 alianza kupeleka gari kati ya Boston na Hartford, mara nyingine bila abiria hata mmoja, kisha akaifikisha njia New York. Kilichomwokoa ni mkataba wa kubeba barua. Bunge liliruhusu mwaka 1785 posta ipakiwe kwenye magari ya abiria, na kuanzia hapo fedha ya serikali ikawa inailipa safari hata viti vikiwa vitupu. Pease naye akamiliki nyumba ya wageni, huko Shrewsbury.

Abiria wa Pease, Josiah Quincy, ambaye baadaye alikuwa meya wa Boston, ameacha maelezo ya safari hiyo. Boston hadi New York ilikuwa wiki nzima. Jozi moja ya farasi ilikokota kilomita 29 ndipo ibadilishwe. Walifika pa kulala saa nne usiku kama hakuna kilichoharibika, wakapata chakula kidogo, wakaambiwa wataamshwa saa tisa. Aghalabu waliamshwa saa nane na nusu. Iwe theluji au mvua, abiria alijivika kwa mwanga wa taa ya pembe na mshumaa wa senti, akaondoka, na mara kwa mara alishuka kumsaidia mwendeshaji kulinasua gari matopeni.

Magari yenyewe yalikuwa mikokoteni iliyoezekwa. Yalikuwa na mabenchi manne yasiyo na egemeo, mapazia ya ngozi pembeni badala ya madirisha, na hayakuwa na mlango wa ubavuni. Uliingilia mbele na kuruka benchi moja baada ya jingine mpaka kwako. Benchi la nyuma kabisa lilithaminiwa maana ndilo pekee lenye ukuta wa kuegemea mgongo. Msafiri Isaac Weld, aliyepita huko katikati ya miaka ya 1790, anasimulia jinsi mwendeshaji alivyowapigia abiria kelele wainamie kulia au kushoto ili gari lisipinduke kwenye makorongo, nao wakatoa nusu ya miili yao nje.

Barabara ndiyo ilikuwa shida, si gari. Suluhisho la kwanza kubwa lilikuwa barabara ya kampuni binafsi kati ya Philadelphia na Lancaster, kilomita 100, iliyomalizika katikati ya miaka ya 1790, yenye mawe yaliyoshindiliwa na vizuizi vya kulipia ushuru. Kando yake nyumba za wageni ziliota karibu kila maili, nazo zikajigawa kwa tabaka. Nyingine zilipokea magari ya abiria na posta. Nyingine zilikuwa za waendesha mikokoteni ya mizigo, waliotandika matandiko yao sakafuni wakielekeza miguu kwenye moto. Nyingine zilikuwa za wachunga mifugo, zenye mazizi makubwa ya kulaza ng'ombe na nguruwe wanaopelekwa sokoni. Mwenye nyumba ya abiria hakutaka kabisa kupokea mwendesha mkokoteni, kwani angepoteza wateja wake wa juu.

Gari jekundu na njia ya reli

Mwaka 1827, mjini Concord, New Hampshire, mtengeneza magurudumu Lewis Downing na mtengeneza magari J. Stephens Abbot walitoa gari lililoishia kwenye kadi zetu za Krismasi. Ubunifu wake ulikuwa chini: badala ya springi za chuma, bodi lilining'inia juu ya mikanda minene ya ngozi ya ng'ombe. Kwenye shimo gari liliyumba mbele na nyuma kama kitanda cha mtoto, halikuruka, na kwa kufanya hivyo liliwapunguzia farasi mshtuko pia. Watu tisa walikaa ndani, wengine juu. Magari ya Concord yaliuzwa mpaka Australia na Afrika Kusini, ambako kampuni ya Zeederberg iliyatumia kwa nyumbu kwa sababu ya magonjwa ya farasi, na ikajaribu hata kufunga punda milia.

Katika gari la aina ya magari hayo ya ratiba ndimo Frederick Douglass, aliyekuja kuwa mpinzani mashuhuri wa utumwa, alimoingilia maisha ya uhuru. Septemba 1838, akiwa ametoroka utumwa Maryland, yeye na mkewe Anna walipanda gari huko Newport kwenda New Bedford bila nauli kamili. Walipofika, mwendeshaji alizuia mizigo yao kama dhamana. Nathan Johnson, Mwafrika huru wa mji huo, akawakopesha dola mbili wakaikomboa.

Wakati huo reli zilishaanza kuua biashara. Boston na Worcester ziliunganishwa kwa treni mwaka 1835, na wenye magari wakahamishia farasi zao kwenye njia za pembeni, kisha magharibi. Mwaka 1858 kampuni ya Butterfield ilianza kupeleka barua na abiria kutoka Mto Mississippi hadi San Francisco, kilomita zipatazo 4,500, kwa siku 25. Huko vituo vilikuwa vibanda vya kubadilishia farasi katika nchi kame, na abiria alikula maharage na nyama ya chumvi akiwa amesimama. Nyumba za wageni za zamani za mashariki zilizokuwa kando ya njia kuu, treni ilipozipita kwa mbali, zilirudi kuwa mashamba au zikabomolewa.

Anayetaka kuziona leo afahamu ipi ni ya asili na ipi imejengwa upya. White Horse ya Newport, Rhode Island, ni jengo la karne ya 17, limeanza kazi hii mwaka 1673 na bado linauza chakula. Buckman ya Lexington ni ya asili, na nyumba ya Stavers inasimama Portsmouth ndani ya makumbusho ya Strawbery Banke. Ile ya familia ya Howe huko Sudbury, Massachusetts, ilianza mwaka 1716, ikaungua vibaya mwaka 1955 na kukarabatiwa. Raleigh ya Williamsburg iliteketea mwaka 1859. Unayoingia sasa ilijengwa juu ya misingi yake na kufunguliwa mwaka 1932. City Tavern ya Philadelphia ilibomolewa mwaka 1854 na kujengwa upya miaka ya 1970. Nyumba ya John Hughson haipo kabisa.